Mutoto wako anataka kushauri jamaa?

Labda mutoto wako amemaliza biolojia, na anataka kwenda Marekani kusomea kazi ya kushauri jamaa zenye magonjwa ya ukoo, sawa SS. Masomo hayo yalianza mwaka 1969 katika Sarah Lawrence College, karibu na New York. Kwa kawaida ni miaka 2.

Umwambie hivi: pointi nzuri za jenetiki, kemia, statistiki na saikolojia zinatakiwa, lakini pointi peke yake hazitoshi. Walimu wanatafuta mutu anayejua kukaa na mwenye huzuni.

Basi aanze hapa kwetu. Aende kusaidia pale watoto wa SS wanapotunzwa, asikilize wazazi. Majirani wanasema: "Uyu mutoto, bamemuloga!" Bwana anafukuza bibi. Kumbe wote wawili ndio walitoa ile damu. Baba AS na mama AS, katika kila mimba kuna hatari 1 juu ya 4 ya kuzaa SS. Kueleza hivyo bila kuumiza mutu, ndiyo kazi yenyewe.

Kisha, katika barua yake, aandike mambo aliyofanya na yale yaliyomufundisha. Hapana maneno makubwa, hapana majina ya wagonjwa. Barua za ushuhuda aziombe mapema, kwa watu waliomuona kazini.

Tangu 2018, kule kijana anapanga vyuo kwa namna anavyovipenda, na vyuo navyo vinapanga vijana. Halafu orodha zinalinganishwa. Anapata nafasi moja ao hakuna.

Weye muzazi, usimuharakishe. Mwaka mumoja kando ya wagonjwa si mwaka wa bule.