Shauri Likiondolewa Si Kushindwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni juu ya jambo linalowaumiza wananchi wengi wa vijijini wenye mashauri ya ardhi.

Hapa kijijini kwetu mama mmoja mjane, baada ya usuluhishi wa kata kushindikana, alifungua shauri katika baraza la wilaya kudai shamba la marehemu mumewe lililomegwa na jirani. Kabla hata shahidi mmoja hajasikilizwa, wakili wa jirani akatoa pingamizi la awali: mama huyo hakuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Shauri likaondolewa. Jirani akarudi akitangaza kwamba ameshinda, na wiki ile ile akaingiza trekta. Mjane naye akaamini, maana amri aliyopewa iliandikwa kwa Kiingereza.

Aliniletea shuleni nimsomee. Haikusema popote kwamba shamba ni la jirani. Shauri lililoondolewa kwa kasoro kama hiyo laweza kufunguliwa upya kasoro ikisharekebishwa, mradi muda wa sheria haujapita, na kwa madai ya ardhi muda huo ni miaka 12. Shauri lililosikilizwa hadi mwisho likatupwa ni jambo lingine kabisa.

Wapo waliomhimiza akate rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Rufaa ya nini, ndugu zangu? Hata angefika mbele ya jaji, hati ya usimamizi bado hana, na nauli peke yake ingemmaliza. Njia yake ni kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo akaombe usimamizi, ndipo arudi barazani.

Pingamizi lenyewe silaumu, kwani shamba la marehemu lina warithi wengi. Ninacholaumu ni ukimya. Katiba yetu, Ibara ya 107A, inataka haki itendeke bila kufungwa mno na masharti ya kiufundi, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama. Kuna ugumu gani mwenyekiti kumweleza mdai, kwa maneno mawili ya Kiswahili, kwamba haki yake juu ya shamba bado haijaamuliwa?

Kikao cha ukoo kimekwisha pangwa. Trekta bado linalima. Naomba wahusika watujibu kabla ya mvua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Morogoro.