Ndoa yenu ni ya kweli, lakini ofisa wa viza atajuaje?

Mtu akisema anatoka Masaki, wengi hufikiria ile ya Dar es Salaam, yenye balozi na hoteli za ufukweni. Wa Masaki ya Kisarawe, mkoani Pwani, wamezoea kucheka na kusahihisha. Lakini kwenye fomu ya viza ya mwenza, jambo hilo halichekeshi. Mke akiandika "Masaki, Dar es Salaam" kwa sababu ndiyo inayofahamika, na mume aliyeko Uingereza akaandika "Kisarawe", ofisa anaona watu wawili wasiojua mwenzao anaishi wapi.

Ofisa huyo hakuwepo kwenye posa. Hamjui mshenga, hakula pilau ya harusi na hajui kwamba jirani wote wanamwita bwana huyo "shemeji". Anachokijua ni karatasi zilizo mbele yake, na anayepaswa kuthibitisha ni mwombaji.

Ndoa iliyopita njia iliyozoeleka haina kazi kubwa. Kuna barua ya posa, mahari, picha za ukumbini na wazee wa pande mbili. Shida huanza pale ndoa isipofanana na za jirani: mke amemzidi mume miaka kumi na tatu, walijuana mtandaoni, dini zao ni mbili, nikah ilisomwa mume akiwa ughaibuni, au waliishi pamoja miaka bila cheti na kupata watoto. Ndoa za namna hii ni za kweli kama nyingine. Zinachohitaji ni maelezo zaidi.

Ofisa anatafuta nini

Uingereza inataka mambo haya: wenza wawe wamekutana ana kwa ana, wote wawe na miaka 18 au zaidi, ndoa iwe halali pale ilipofungwa, uhusiano uwe wa kweli na unaoendelea, na wakusudie kuishi pamoja. Mwenza anayetoka Tanzania pia huonyesha Kiingereza cha ngazi ya mwanzo, yaani A1. Upande wa kipato, tangu Aprili 11, 2024 kiwango cha chini kwa waombaji wapya ni pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo kilikuwa pauni 18,600.

Hadi mwaka 1997 Uingereza ilikuwa na kanuni nyingine ngumu zaidi. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba lengo kuu la ndoa yake halikuwa kuingia nchini humo. Watu waliopendana kwa dhati walikataliwa kwa sababu tu hawakuweza kuthibitisha kile ambacho hawakukusudia. Kanuni hiyo ilifutwa Juni mwaka huo. Leo kutamani kuhamia kwa mwenzako si kosa. Swali ni kama ndoa ipo na inaishi.

Marekani nayo huuliza kama wawili walioana kwa nia ya kujenga maisha pamoja au kwa ajili ya karatasi. Masharti ya nchi hizi, hasa Marekani, hubadilika mara kwa mara. Soma tovuti rasmi ya serikali husika wiki ile ile unayotaka kulipa ada, hata kama jirani alipita njia hiyo mwaka jana.

Cheti kwanza, mapenzi baadaye

Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa inaweza kufungwa kidini, kimila au kiserikali. Zote ni ndoa. Ila karatasi ya msikiti au picha za kanisani peke yake hazitoshi kwa ofisa wa nje. Hakikisheni mnacho cheti kinachotambuliwa na serikali na kwamba ndoa imeandikishwa kwa msajili. Anayeshughulikia usajili huo kitaifa ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Ndoa ya kimila nayo hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Waliochelewa wasione haya kwenda kuuliza cha kufanya.

Kwa wenye dini mbili tofauti, ndoa ya bomani huwa ndiyo njia fupi. Taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa siku 21 kabla. Mume anayekuja likizo ya wiki mbili tu aanze kuulizia mapema, kabla hajakata tiketi.

Na wale wa "sogea tukae"? Kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia kuwa mke na mume, hudhaniwa kuwa wameoana. Dhana hiyo imewasaidia kinamama wengi mahakamani kudai mali na matunzo. Lakini haitoi cheti, na inaweza kupingwa. Uingereza inayo nafasi ya wenza wasiofunga ndoa, walio kwenye uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka miwili. Marekani haina nafasi hiyo. Kuna viza ya mchumba, ambayo kwa kawaida huwataka wawili wawe wameonana ndani ya miaka miwili kabla ya maombi, kisha waoane ndani ya siku 90 baada ya mgeni kuingia.

Talaka ya zamani isiyo na hukumu

Hapa ndipo maombi mengi ya watu wazima hukwama. Mama aliachwa mwaka 2012, akapewa talaka ya maandishi mbele ya wazee, na mtaa mzima unajua. Kisheria, talaka ya mdomo au ya barua haimalizi kazi. Mgogoro hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama ndiyo hutoa amri ya talaka. Kwa ndoa ya Kiislamu, baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha na talaka ya kidini ikatolewa, mahakama huipokea na kutoa amri.

Asiyekuwa na amri hiyo anaweza kuambiwa kwamba bado ni mke wa mtu, na ndoa mpya ikatiliwa shaka yote. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kulishughulikia shauri hilo. Lifanyike kabla ya ndoa mpya, si baada ya barua ya kukataliwa.

Nikah ya simu na mke wa pili

Familia nyingi za Pwani hufunga nikah mume akiwa mbali, akiwakilishwa na mtu aliyempa idhini. Uingereza hutazama kama ndoa ya namna hiyo ni halali katika nchi ilipofungwa, ila bado inataka wenza wawe wameshaonana. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa mbele ya mwenzake wakati wa kufunga, isipokuwa kama baadaye walikutana wakaishi kindoa. Kwa hiyo tunzeni tiketi, mihuri ya pasipoti na risiti za nyumba ya wageni za safari aliyokuja baada ya nikah.

Kwa mke wa pili, ukweli ni mchungu. Tanzania inaitambua ndoa ya wake wengi, lakini mwanamume aliyekwisha fanya Uingereza kuwa makazi yake ya kudumu, na mke wake yupo, akioa wa pili Kisarawe, ndoa hiyo haitambuliki kule. Marekani hutambua ndoa ya kwanza tu. Binti anapochumbiwa na mtu wa ughaibuni, mzazi ana haki ya kuuliza wazi: una mke mwingine? Umeachana naye kwa amri ya mahakama? Muungwana hakasiriki kwa swali hilo.

Usifiche kilicho tofauti

Chukua mfano wa mama wa miaka 46 mwenye watoto wawili aliyeolewa na kijana wa miaka 33 aliyejuana naye kwenye kundi la mtandaoni la wafugaji kuku. Kishawishi ni kutaja umri haraka haraka na kutumaini kwamba ofisa hataona. Ataona. Umri umeandikwa kwenye pasipoti.

Njia bora ni kila mmoja kuandika barua yake mwenyewe, kwa maneno yake. Aeleze walivyojuana, nani alianza kuandika, kwa nini familia zilisita na nani aliwapatanisha. Kama shangazi wa mume alikataa kuhudhuria kwa sababu ya umri wa mke, liandikwe. Maisha ya kweli yana mashangazi wa namna hiyo. Barua isiyo na doa lolote huleta mashaka kuliko inayokiri ugumu.

Kama harusi haikuwa na sherehe, elezeni sababu: msiba, ukata, au tofauti ya dini. Ofisa aliyezoea picha za watu mia tatu akiona picha mbili za bomani atajiuliza, na jibu liwe mle mle kwenye barua.

Ushahidi wa kila siku

Ndoa ya mbali huonekana kwenye mambo madogo. Miamala ya pesa kwa simu, ada ya shule iliyolipwa, mabati yaliyonunuliwa, kumbukumbu za simu za video, ujumbe wa kuulizana dawa ya mtoto. Si lazima kupeleka kurasa mia tano. Chagueni kurasa chache za kila miezi mitatu, tangu mwanzo hadi sasa, ili ionekane kwamba uhusiano haukuanza mwezi wa kujaza fomu. Mambo ya faragha ya chumbani yaondolewe. Hayahitajiki.

Kuna mtego wa hapa kwetu. Laini ya simu ya mke huenda ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake, na pesa zote za mume zinasomeka kwa jina la kaka. Msiache ofisa akisie. Kaka aandike na kusaini kwamba laini hutumiwa na dada yake, na kuanzia leo mke asajili laini yake kwa namba yake ya NIDA.

Majina nayo yakaguliwe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Omari, kitambulisho kinasema Mwajuma Omari Salum, cheti cha ndoa kina jina la ukoo la mume. Hati ya kiapo inayoeleza kwamba wote ni mtu mmoja huondoa maswali. Na anwani iandikwe kamili kila mahali: kijiji, Kata ya Masaki, Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Barua ya ofisa mtendaji wa kijiji iseme hivyo hivyo.

Watoto wa ndoa ya kwanza

Kwa mzazi, hili ndilo zito kuliko yote. Viza ya mama haimbebi mtoto moja kwa moja. Uingereza humtaka mtoto awe chini ya miaka 18, na kama baba yake ni mwingine na yuko hai, mama huombwa kuonyesha kwamba yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la malezi, au kwamba kuna sababu nzito za kutomwacha mtoto. Kupeleka hela ya daftari mara mbili kwa mwaka hakumfanyi baba kuwa mlezi, lakini lazima ithibitishwe nani huamua shule, matibabu na makazi. Barua ya shule, kadi ya kliniki na amri ya mahakama ya malezi vina uzito. Kiwango cha pauni 29,000 hakipandi kwa idadi ya watoto.

Marekani humtambua mtoto wa kambo kama ndoa ya mama ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Familia yenye kijana wa miaka 17 isiahirishe ndoa kwa sababu ya ukumbi.

Siku ya maswali, na madalali

Maswali huwa ya kawaida: mume anaingia kazini saa ngapi, nani alikuwa shahidi, mliongea nini jana, mama mkwe anaitwa nani. Kukariri majibu ni kosa, kwa sababu wawili waliokariri hujibu sawa hadi nukta. Anayesahau aseme amesahau.

Na jihadharini na dalali anayeahidi kutengeneza picha, meseji au cheti. Marekani, ndoa ya kughushi ina adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Aliyewahi kupatikana na ndoa ya makaratasi hukataliwa maombi ya mwenza hata akija kuoa kwa kweli baadaye. Karatasi moja ya uongo ndani ya ndoa ya kweli huiangusha ndoa nzima.

Ikija barua ya kukataliwa, isomwe sababu moja baada ya nyingine. Kwa Uingereza, mwombaji aliye nje ya nchi hiyo mwenye haki ya rufaa ana siku 28 tangu apate uamuzi. Siku hizo ni za kumtafuta mwanasheria mwenye leseni ya uhamiaji, si za kulaumiana.

Wazazi wana nafasi yao katika hili. Baba aliyepokea mahari na mama aliyepewa mkaja ni mashahidi wazuri. Barua yao fupi, iliyosainiwa, inayosema "tunamfahamu mkwe wetu, alikuja nyumbani tarehe fulani, akatuzika ndugu yetu", humwonyesha ofisa ukoo unaoitambua ndoa hiyo. Na kama mzazi bado ana kinyongo na mkwe aliyemzidi mwanawe umri au asiye wa dini yake, ajue kwamba ukimya wake nao husomeka kwenye faili.