SWETA HAZINA MIKONO!

Ndugu wanaushirika,

Tumepita kwenye kikundi cha kufuma tukakuta kapu limejaa sweta za watoto wa shule. Mgongo upo, kifua kipo, mikono hamna! Mwenye sweta ukimtafuta, yuko chini ya mbuyu anaanza kitambaa cha kochi, eti ameona mtindo mpya wa maua huko mjini. Uzi ule umenunuliwa kwa fedha yetu sote, na kipupwe cha Juni hakingoji maua.

Wanajitetea kuwa uzi hauozi. Kwani panya wamehama? Tena ukirudi dukani baada ya miezi, bluu ile huipati. Kila uzi unapotiwa rangi hutoka tofauti kidogo, na mikono itaonekana ni ya sweta nyingine.

Wengine, wajanja hao, wanasema: mbona kuhamia Dodoma kuliamuliwa 1973, na sheria ya kuifanya makao makuu ikapitishwa 2018? Sawa, lakini yuko mtoto wa kukaa miaka 45 bila kukua? Wazikumbuke na karanga za Kongwa: zilianza kwa vishindo 1947, zikaachwa 1951.

(Akina baba msicheke. Misingi ya nyumba iliyoota nyasi tunaijua ni ya nani.)

Basi, mwenye sweta aimalize. Aliyeshindwa aifumue, uzi aufue, aurudishe kwa mtunza stoo, mwenzake amalizie. Uzi wa vitambaa hautolewi mpaka kapu liwe tupu. Tutalikagua Jumamosi asubuhi.

Katibu wa Tawi