Anayepanda mafunjo Nakivale naye ale

Mfanyabiashara anayepakia kambale na sato Base Camp, Nakivale, kuwapeleka Mbarara, hupiga hesabu ya bei, barafu na nauli. Ukingo wa ziwa haumo katika hesabu hiyo. Ulipaswa kuwamo.

Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo ni ardhioevu moja, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2006. Mto Rwizi unaomwaga maji humo ndio huo huo unaonywesha jiji la Mbarara. Mafunjo ya kando huchuja tope na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Yakifyekwa ili mahindi yafike majini, mvua moja tu inatosha kushusha udongo ziwani. Na miti ya vilimani? Makazi haya yanapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wanapikia kuni, na gunia la mkaa halikosi mnunuzi. Baadhi ya wanunuzi mnasoma hapa.

Wanaorudisha miti na mafunjo wengi ni vijana wa kujitolea. Wamo wenye digrii wanaosubiri nafasi ya uzamili, wakijua kwamba mwaka wa kukanyaga matope utapendeza kwenye maombi yao. Nawaunga mkono, ila nina neno. Kijana wa Mbarara anayelala kwa wazazi wake anaweza kujitolea mwaka mzima. Mkongo au Mrundi mwenye digrii ileile, ambaye mgao wa chakula nyumbani kwao umepunguzwa zaidi ya mara moja, atajitolea wiki mbili kisha aende kubeba mizigo sokoni. Simlaumu. Barua ya kujitolea mwishowe anaipata yule ambaye hakuihitaji sana.

Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Basi vyuo, kuanzia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilicho jirani, viihesabu miezi hiyo kuwa uzoefu wa kazi, ya mkimbizi sawa na ya mwenyeji.

Nanyi mnaopita Mutukula, Mirama Hills na Kikagati, vyama vyenu haviwezi kukosa mabuti ya mpira na mlo wa mchana kwa vijana ishirini. Mtasema hiyo ni kazi ya serikali na mashirika. Labda, lakini samaki wakiadimika, gari litakalorudi tupu si la shirika. Mvua za Septemba hazikawii, na miche hupandwa zinapoanza.