Ridhaa ya Mgonjwa Isiishie Mlangoni mwa Chumba cha Upasuaji

Mgonjwa hapasuliwi kabla ya kuelezwa, kuelewa na kuridhia. Kwa nini basi kanuni hiyo ilegezwe anapofungua tovuti kusoma habari za ujauzito au virusi vya UKIMWI?

Tovuti nyingi huweka katika simu yake vidakuzi, yaani faili ndogo za kumbukumbu. Vipo vya lazima, ambavyo bila hivyo fomu ya miadi haikumbuki alichojaza. Vipo pia vya watangazaji, ambavyo humfuata tovuti hadi tovuti na kuweza kufichua maradhi anayoyasomea. Hatari hii si ya kubuni: mwaka 2023, kampuni ya GoodRx ya Marekani ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5, baada ya kushtakiwa kwa kuzipa Facebook na Google taarifa za afya za wateja bila idhini yao.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, sheria haiwezi kumbofyea mtu kitufe.

Msomaji, usikimbilie "Kubali vyote". Tafuta "Kataa" au "Mipangilio", uache vya lazima tu. Na kama simu ni ya familia, futa vidakuzi katika kivinjari ukimaliza.

Nasi wahudumu wa afya, tunapompa mgonjwa anwani ya tovuti, tumweleze hayo. Na tovuti za hospitali zetu ziulize kwa Kiswahili chepesi, kukataa kukiwa rahisi sawa na kukubali. Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa.