Asante haitangulie kazi: juu ya kuwashukuru wale wanaotusaidia kununua parsele

Kuna neno moja zuri sana ambalo watu wa muji wameliharibu, na mimi sitanyamaza. Neno lenyewe ni asante. Kwetu Bukavu, mutu akitafuta parsele, analisikia hilo neno hata mbele ya kuona udongo. Komisioneri anataka asante, shefu wa avenyu anataka asante, jeometa anataka asante, mwenye kushika muhuri ofisini anataka asante. Na wote wanasema kitu kimoja: « Njo desturi yetu sisi Waafrika. Mutu mwenye akili hakosi kushukuru. »

Mimi najibu: uongo. Ile si desturi. Ile ni mulango uliofungwa, na mutu amesimama hapo na funguo mukononi.

Acha niwasimulie jambo langu mwenyewe. Katika mwaka 2014 nilinunua parsele ndogo, metre 10 kwa 15, pesa ya miaka mingi ya chaki. Siku ya kupima, jeometa alifika na mutepe wake, akaukalia. Hakuufungua. Akaniuliza: « Mwalimu, asante yetu iko wapi? » Nikasema: « Asante ya nini, na kazi haijaanza? » Akacheka tu. Nilitoa dola 50 ndani ya anvelopu, na mutepe ukafunguka.

Siku ile ile, mama muzee mumoja, mujane wa pembeni, alitembea nasi kwenye mupaka. Alituonyesha muti uliopandwa na baba mukwe wake, na jiwe lililofunikwa na majani. Bila yeye tungepima ovyo. Nilimwambia « aksanti mama », nikaenda zangu. Sikumuletea hata chupa moja.

Kisha miaka mitatu, jirani wa upande wa juu akasogeza ua wake metre moja ndani ya kwangu. Tukafika mbele ya shefu wa avenyu. Jeometa niliyemushukuru na dola 50 alisema hakumbuki tena. Yule mama muzee alikuja na fimbo yake, akasema kweli mbele ya watu, na mupaka ukarudi pahali pake. Haya ilinishika. Nilimufuata nyumbani kumuomba musamaha juu ya ile chupa. Akanijibu: « Mwalimu, miye sikukuja juu ya chupa. Lakini ungeleta kasiksi siku ile, majirani wote wangekunywa, na leo tungekuwa mashahidi kumi. Sasa nilikuwa miye peke yangu. Na miye niko karibu kufa. »

Ndugu zangu, hilo jibu lilinifundisha kuliko miaka yote niliyokaa kwenye ISP.

Tuangalie sasa wazee wetu walifanya namna gani. Katika Bushi kulikuwa kalinzi. Mutu aliyepewa shamba na mwami, ao na mukubwa aliyemwakilisha, alitoa ng'ombe, na watu wakaona. Kisha pale shamba lilikuwa lake na la watoto wake. Ng'ombe haiingie ndani ya anvelopu! Inatembea njiani, inalia, kila mutu anauliza: « Ile ng'ombe inaenda wapi? » Njo ilikuwa nguvu ya kalinzi: ilijulikana. Sisemi kwamba haikuwa na ubaya. Aliyekosa ng'ombe alibaki na bugwarhe, kulima udongo wa wengine kwa mwaka, bila hakika ya kesho. Lakini hakuna aliyechanganya kalinzi na anvelopu ya gizani. Kile kinachotolewa mbele ya macho kinazaa mashahidi. Kile kinachotolewa chini ya meza kinazaa mutu mumoja tu, mwenye kusahau.

Na sheria ya Leta inasema nini? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliandika kwamba udongo ni mali ya Leta, na mutu binafsi anapata haki yake kwa sertifika. Ndiyo maana tunapita ofisini, na ofisini kuna malipo yake ya kweli, yenye resu. Tulipe. Lakini sheria ya mwaka 2005 juu ya rushwa inamukamata hata mutumishi anayepokea zawadi kwa kazi ya haki, kama kazi ile ilikuwa wajibu wake na haina malipo mengine. Basi yule anayesema « sikumuomba kitu kibaya, nilifanya kazi yangu tu » amejihukumu yeye mwenyewe.

Wengine watanipinga: « Mwalimu, mushahara wa Leta ni mudogo, wale watu wana watoto. » Nani hajui? Mimi ni mwalimu. Ninajua mushahara wa Leta kuliko wewe. Lakini nijipime mimi wa kwanza. Muzazi akiniletea kuku mbele ya mitihani, ile kuku inaongea: inaomba pointi. Akiniletea kuku kisha proklamasio, mbele ya jamaa, na mutoto amekwisha kupita kwa akili yake, ile kuku inanyamaza, tunaikula kwa furaha. Kuku ni moja, lakini siku si moja. Ya kwanza niliikataa, na nyumbani tulikula sombe. Hatukukufa.

Tuseme pia ubaya wetu sisi wanunuzi, sababu hatuko watakatifu. Komisioneri anapanda milima siku nyingi, anatuonyesha parsele tano, sita, viatu vinaisha. Kisha sisi na muuzaji tunapatana usiku bila yeye, ili tusimulipe sehemu yake. Ule ni wizi. Halafu tunamutupia dola 5: « Chukua ya maji. » Mutu wa namna ile hadai asante, anadai deni. Na fundi aliyetuambia kwa bure kwamba udongo ule unateremuka wakati wa mvua, akatuokoa na kifo katika muji wetu wa milima, yeye tulimupa nini? Tunawashukuru wenye kutuzuia, tunawasahau wenye kutusaidia. Njo aibu yetu.

Kwa hiyo nasema wazi. Komisioneri: tupatane sehemu yake mbele, tumulipe yote siku ya kutia sahihi, bila kumuzunguka. Mutumishi wa Leta: malipo ya sheria, resu mukononi, na neno la heshima: « Aksanti mukubwa, umetumika vizuri. » Inatosha. Kama alitumika vizuri sana, tumusifu mbele ya wakubwa wake. Sifa haikamatwi na polisi. Mashahidi, majirani, na muzee anayejua mupaka: hao njo wa kukalishwa. Kazi ikiisha, tuite watu, kasiksi ya wakubwa, sukari ya watoto na ya wasiokunywa pombe, na mwenye kununua aseme kwa sauti mupaka unaanzia wapi, unaishia wapi. Si lazima ng'ombe. Hata bidoni moja inafaa, kama watu wamekunywa pamoja na wamesikia.

Mutatuambia hizi ni hadisi za kijiji. Hapana. Sisi watu wa Kivu tunajua kukimbia vita. Karatasi inaweza kubaki nyuma, inaweza kuungua, inaweza kuandikwa mara mbili kwa majina mawili. Siku ya kurudi, utatafuta nani? Utamutafuta yule uliyekunywa naye.

Yule mama muzee ametutoka. Mbele ya kufa kwake nilileta bidoni, kwa kuchelewa, na tulikaa karibu na ule muti, majirani kumi na wawili. Watoto wangu walikuwa pale, wakahesabu hatua kutoka muti mupaka jiwe. Wanajua.