Ngozi ya mwanao inawasha? Soma kwanza tyubu

Miezi hii ya baridi, mzazi uliyeko Njombe, Mbeya au Arusha, ngozi ya mwanao inapauka, inakakamaa, na usiku halali kwa kujikuna. Unakwenda duka la dawa, unauziwa krimu. Baada ya siku tatu muwasho umekata, nawe unaamini umepata tiba.

Hebu soma tyubu hiyo. Ukikuta neno betamethasone au clobetasol, umepewa steroidi yenye nguvu. Daktari huitoa kwa siku chache na kwa sababu maalumu. Ukimpaka mtoto usoni miezi miwili, ngozi inakuwa nyembamba na kutoka mabaka meupe. Kama tatizo lilikuwa fangasi, wanazidi kusambaa. Kwa maoni yangu, dawa hizi hazistahili kuuzwa kama pipi.

Ngozi kavu, hata yenye pumu ya ngozi (ambayo haiambukizi), inahitaji kwanza mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Ni ya bei ndogo, labda ndiyo maana tunayadharau. Lakini angalia muda wa kuyapaka. Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila dodoki. Sabuni ya kufulia iache kwenye nguo, hata kama bibi aliogeshea watoto wote. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, mpake mwili mzima. Mafuta haya hayaleti maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasipotee. Ukisubiri akauke kabisa, umechelewa. Mpake tena asubuhi, hata siku ambazo hawashwi. Kucha zake ziwe fupi, na sweta la sufi lisiguse ngozi.

Ikiwa wengine nyumbani nao wanajikuna, hasa usiku na katikati ya vidole, huenda ni upele. Hapo familia nzima hutibiwa kwa pamoja. Ukiona usaha, magamba ya njano au homa, nenda kituo cha afya. Daktari akikuandikia steroidi usiiogope, itumie kwa siku alizokuambia. Na kama ile ya dukani umeipaka kwa wiki nyingi, usiiache ghafla kabla hajakushauri. Mpelekee tyubu yenyewe aione.